Fasti Klasi, Sapu na Akili: Lipi Kweli, Lipi Porojo?

Msimu wa mahafali ukifika, Machakos hubadilika sura. Matatu zinakodishwa kutoka Mwala, Kangundo na Yatta, mbuzi wanachinjwa, na shangazi ambaye hajawahi kuketi katika ukumbi wa mihadhara ana swali moja tu: "Umepata fasti klasi?" Jibu likiwa ndiyo, vigelegele. Likiwa sekondi loa, atasema "Si neno, mwanangu" kwa sauti ya kumpa mtu pole ya msiba. Nyuma ya swali hilo kuna imani chungu nzima kuhusu alama za chuo kikuu na akili ya mtu. Nawe umezisikia, na huenda umezieneza. Tuzipekue.

"Mwenye daraja la kwanza ana akili kuwashinda wenzake."

SI KWELI. Katika vyuo vikuu vyetu daraja la kwanza huanzia wastani wa alama 70, na la pili la juu ni 60 hadi 69. Mwenye 70 na mwenye 69 wanatenganishwa na alama moja, lakini ukiwatazama siku ya mahafali utadhani walisoma sayari tofauti.

Mwaka 2012 Michelle Richardson, Charles Abraham na Rod Bond walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 13 kuhusu alama za wanafunzi wa vyuo vikuu. Uhusiano wa vipimo vya akili na alama ulikuwa takriban 0.20, pale ambapo 1 ni uhusiano kamili na 0 ni hakuna kitu. Kilichoshikamana na alama kuliko vyote ni imani ya mwanafunzi kwamba anaweza kufaulu: 0.59 (ingawa aliyefaulu jana ana kila sababu ya kujiamini leo). Hata uwezo wa kuendelea kusoma somo linalochosha uliipita akili.

Usikimbie na takwimu hiyo lakini. Walio chuoni wameshachujwa, maana bila C+ katika KCSE huingii moja kwa moja kusomea shahada. Ukishawachuja watu kwa kigezo fulani, kigezo hicho hakiwatofautishi sana tena. Akili imefanya kazi yake kubwa langoni. Huko ndani, anayeamka kwenda kwenye kipindi cha saa moja asubuhi ndiye anayewaacha wenzake.

"Alama ni karatasi tu, hazina maana."

SI KWELI PIA. Hii ndiyo faraja ya wenye sapu (mitihani ya kurudia) tatu. Philip Roth na wenzake walijumlisha tafiti nyingi mwaka 1996 wakakuta kwamba waliopata alama nzuri chuoni, kwa wastani, hufanya kazi vizuri kiasi kuliko wengine, na kwamba tofauti hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita. Watu hupenda kumtaja Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa uajiri wa Google, aliyeliambia gazeti la New York Times mwaka 2013 kwamba alama hazifai kuajiria. Alisema hivyo, isipokuwa kwa waliotoka chuoni juzijuzi. Hilo "isipokuwa" hukatwa kila mara. Na ukitaka ufadhili wa shahada ya uzamili, mara nyingi utaulizwa daraja la pili la juu kabla hujaulizwa habari za nyumbani.

"Einstein alianguka hesabu."

UONGO MTUPU. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 16 tu, aliketi mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich. Hesabu na fizikia alizimudu vizuri sana, akaangushwa na masomo mengine, Kifaransa kikiwemo. Mwaka uliofuata, shuleni Aarau, alipata 6 katika aljebra na jiometri, na huko Uswisi 6 ndiyo alama ya juu kabisa. Anayetafuta shujaa wa kumliwaza amchukue Mwingereza John Gurdon. Mwaka 1949 shule yake ilimweka wa mwisho kati ya wavulana 250 katika baiolojia, na mwalimu akaandika kwamba wazo lake la kuwa mwanasayansi ni kichekesho. Mwaka 2012 alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba.

"Bill Gates aliacha chuo, na tazama utajiri wake."

KWELI, LAKINI... Gates aliondoka Harvard mwaka 1975, akiwa ameingia na alama 1590 kati ya 1600 katika mtihani wa SAT. Alama hazikumkataa, yeye ndiye aliyezipa kisogo. Na walioacha chuo wakapotea hakuna anayewaandikia vitabu, kwa hiyo hatuwahesabu.

"Mtihani ni mtihani. Alama haziongopi."

SI KWELI, na ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 2015 waliopata A katika KCSE walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 wakawa 141. Je, vijana wa Kenya waliamka siku moja wakakuta akili zimeibwa? Kilichobadilika ni mtihani. Fred Matiang'i alikuwa Waziri wa Elimu, George Magoha akiongoza baraza la mitihani, karatasi zikahifadhiwa chini ya ulinzi mkali na walimu wakuu wakawajibishwa. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929 mwaka huo, idadi iliyoporomoka vibaya kutoka mwaka uliotangulia. Mtu aliyefanya mtihani 2015 na ndugu yake aliyefanya 2016 walipimwa kwa mizani mbili, na leo vyeti vyao viko kwenye faili moja la mwajiri.

Chuoni nako kuna mengi. Kuna mwakenya, ambayo sihitaji kumweleza mtu yeyote aliyepita kwenye chumba cha mtihani nchini humu. Kuna alama zinazopotea kati ya mhadhiri na ofisi, hadi mwanafunzi anakaa mwaka mzima akifuatilia CAT aliyoifanya. Kuna mkono wa msahihishaji pia. Mwaka 1912, Daniel Starch na Edward Elliott waliwatumia walimu 142 wa Marekani insha ile ile ya mwanafunzi mmoja waisahihishe. Alama zilianzia 64 zikafika 98. Wapinzani wakasema hayo ni ya lugha, hesabu haina maneno mawili. Wawili hao wakarudia kwa karatasi ya jiometri, na pengo likawa kubwa zaidi. Ndiyo maana vyuo vyetu huwa na mtahini wa nje anayekuja kupitia karatasi. Anasaidia, ila hawezi kusoma upya kila kijitabu.

Halafu sapu. Katika vyuo vyetu vingi, ukirudia mtihani ulioanguka, hata ukijibu kama aliyeutunga, kinachoandikwa ni 40. Namba hiyo ni adhabu, na anayesoma matokeo yako miaka kumi baadaye ataidhania kuwa kipimo.

"Mwenye akili atafaulu tu, hata akiwa na shida za karo."

SI KWELI KWA SEHEMU KUBWA. Wapo wanaofaulu hivyo, na ndio tunaowasoma magazetini. Ila fikiria mwanafunzi ambaye karo yake inangoja ndengu za mama kule Masinga zikomae, mvua ya Novemba ikubali na dalali asimpunje. Vyuo vingi havimpi kadi ya mtihani mwenye deni. Anaweza kuwa anaijua kemia vizuri kuliko darasa zima, lakini mlangoni hakuna anayemuuliza kemia.

Je, dhiki hula akili yenyewe? Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani na wenzake, waliowapima wakulima 464 wa miwa jimboni Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno na baada yake. Mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri alipokuwa hana kitu, na vizuri zaidi alipokwisha kulipwa. Haki itendeke: mwaka 2016 watafiti wengine walichapisha matokeo ya Wamarekani wa kipato cha chini waliopimwa kabla na baada ya siku ya malipo, na tofauti hiyo hawakuiona. Ubongo wa mwenye njaa bado una mjadala. Kadi ya mtihani haina.

"Shahada ya Nairobi ni nzito kuliko ya Machakos."

HAIJATHIBITISHWA. Chuo Kikuu cha Machakos kilipata hati yake mwaka 2016, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inayokisimamia ndiyo inayovisimamia vile vya jiji. Nchini Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger walilinganisha vijana wenye uwezo sawa waliokwenda vyuo vyenye majina na waliokwenda vya kawaida. Mapato yao baadaye hayakutofautiana sana, ila kwa waliotoka familia maskini jina la chuo lilisaidia. Na kama ni suala la ukubwa, Waingereza walikuwa na makao yao Machakos kabla Nairobi haijapata hata bohari ya reli mwaka 1899. Hilo halithibitishi lolote, lakini linafurahisha kulisema.

"Asiyesoma chuo hana akili ya maana."

SI KWELI, na mwenye shaka apande gari la Wamunyu. Mutisya Munge alirudi huko kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza kuchonga mbao, akaanzisha kazi ambayo baadaye ilipeleka vinyago vya Wakamba duniani kote.

Au itazame milima ya Machakos. Miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliiona ardhi hii imekwisha: udongo umekwenda na maji, watu na mifugo wamezidi. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kinyume. Kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno ya kila ekari yakapanda thamani. Matuta ya fanya juu yaliyoshika udongo yalichimbwa kwa kiasi kikubwa na vikundi vya kusaidiana kazi, yaani mwethya, wengi wao wanawake waliojua pembe ya mteremko kwa jicho. Ninazo heshima zangu kwa wenye shahada, lakini utabiri ulioanguka hapo ulikuwa wao.

"Haba na haba hujaza kibaba."

KWELI KABISA. Wahenga walilijua hili kabla ya maabara. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Kundi moja liliisoma tena, jingine lilifunika karatasi na kujaribu kuikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza kwa 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja, walikumbuka asilimia 42, na waliojijaribu 56. Tafiti za kugawa masomo siku nyingi badala ya kuyabugia usiku mmoja zinaelekea huko huko. Komredi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anaweza kupata alama nzuri kesho yake asubuhi. Ijumaa ya wiki inayofuata, muulize tena.

"Mimi nitibiwe na daktari wa fasti klasi tu."

HAYUPO. Shahada ya udaktari wa binadamu hapa nchini haigawanywi kwa daraja la kwanza, la pili la juu na la chini kama shahada nyingine. Ukifika hospitali ya Machakos Level 5 na swali la shangazi, utaambiwa ukae kwenye foleni.