Mwembe wa ofisini haujakukosea

Maswali ya wasomaji yamerundikana. Karani wa Arua, Uganda, anataka kujua kwa nini kila ikifika saa tisa kichwa kinamgonga. Mfanyakazi wa shirika la misaada huko Koboko anauliza kama kweli kukaa chini ya mti kunapunguza msongo wa kazi, au ni porojo tu.

Si porojo. Mwaka 2019 MaryCarol Hunter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 36 wa mjini waliotakiwa kukaa au kutembea nje, mahali wanapojihisi karibu na maumbile ya asili, dakika 10 au zaidi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Mate yao yalipimwa homoni ya kotisoli kabla na baada.

Hapa ndipo panaponoga. Kotisoli ina ratiba yake: hupanda alfajiri, kisha hushuka taratibu mpaka usiku. Ukimpima mtu saa nne na tena saa tano utaikuta imepungua hata kama alifungiwa stoo. Watafiti waliutoa kwanza mteremko huo wa kawaida, na bado pakabaki upungufu wa asilimia 21 kwa saa. Faida ilikuja kwa kasi zaidi kati ya dakika 20 na 30. Kwa nini? Ubongo ukihisi hatari, iwe nyoka mlangoni au meseji ya bosi, huamrisha tezi zilizo juu ya figo kumwaga kotisoli. Ikishatosha damuni, ubongo wenyewe huifuta amri. Nyoka huondoka. Meseji huingia nyingine, na amri hutolewa upya kabla ile ya kwanza haijafutwa. Majani yanayotikisika huyashika macho bila kudai jibu, na huenda hapo ule mfumo hupata nafasi ya kujizima.

Ndiyo maana washiriki walikatazwa simu, kusoma na hata maongezi. Na ndiyo maana anayesema, "Mimi kila jioni niko shambani, mbona bado nimechoka?" amejijibu: palizi ni kazi.

Sasa uzushi. Eti mwembe wa ofisini ukatwe kwa kuwa unaleta malaria! Anopheles gambiae hupenda kutaga kwenye vidimbwi vinavyopigwa jua: shimo la matofali, alama ya tairi la lori. Fukieni vidimbwi hivyo. Eti mti huiba hewa usiku; mwenzako mnayelala naye chumba kimoja anaivuta pia, na hujamfukuza.

Wanaonichosha kuliko wote ni wauza unga wa mizizi wa "kusafisha msongo kwenye damu". Kotisoli si uchafu. Mwili ukishindwa kuitengeneza, mtu hufa asipotibiwa. Huo unga unasafisha mfuko wako.

La kufanya: saa ya chakula, simu ibaki kwenye droo, toka dakika 20. Arua na Koboko miembe haijaisha. Waendesha boda wamejua zamani pa kuegesha. Usipoweza kutoka, geuza meza itazame dirisha lenye kijani. Usingizi ukikataa wiki mbili mfululizo, kichwa kikiendelea kukugonga, au presha ikipanda, nenda hospitali. Na wewe bosi unayetuma meseji saa nne usiku, hakuna mwembe utakaokufidia.