Chale za Ishango na Mikate ya Ahmes

Mwaka 1950, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alikuwa akichimba Ishango, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo. Alifukua mfupa wa kahawia wenye urefu wa takriban sentimita 10, uliopachikwa kipande cha jiwe gumu kwenye ncha moja. Umri wake unakadiriwa kufikia miaka 20,000.

Mfupa huo umechanjwa chale 168 katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 9, 19, 21 na 11. Nyingine 19, 17, 13 na 11. Jumlisha kila moja: zote mbili zinatoa 60. Safu ya tatu ndiyo inayosisimua zaidi. Humo 3 imekaa jirani na 6, 4 jirani na 8, na 10 jirani na 5, kana kwamba mchongaji alikuwa akijaribu kuongeza maradufu na kugawa nusu. Wapo wataalamu wanaoona humo mchezo wa namba, wapo wanaoona kalenda ya mwezi mwandamo. Vyovyote iwavyo, ni vigumu kuyatazama mafungu hayo na kuamini kwamba mkono ule ulikuwa ukikwaruza tu.

Maelfu ya miaka baadaye, huko Misri, kuongeza maradufu ndiko kulikokuwa njia ya kuzidisha. Karani aliyetaka 13 mara 12 hakuhitaji kukariri jedwali. Aliandika 1 na kando yake 12. Chini yake 2 na 24, halafu 4 na 48, mwisho 8 na 96. Kwa kuwa 1, 4 na 8 zinafanya 13, alijumlisha 12, 48 na 96 akapata 156. Basi!

Tunayajua haya kutokana na waraka wa mafunjo aliouandika karani Ahmes karibu mwaka 1550 KK, ambaye mwenyewe anaeleza kwamba alinakili maandishi ya zamani zaidi. Maswali yake yananukia jikoni na ghalani. Mikate 6 igawanywe kwa watu 10: kila mmoja apate nusu, na juu yake sehemu moja ya kumi. Maana yake mikate mitano inakatwa katikati, wa sita unakatwa vipande kumi, na kila mtu anaona kwa macho kwamba hakupunjwa. Sita juu ya kumi, tunayoandika shuleni, ni sahihi vilevile, lakini haimwonyeshi mgawaji aweke wapi kisu.

Ahmes alipima hata eneo la duara. Punguza sehemu ya tisa ya kipenyo, kinachobaki kizidishe kwa chenyewe. Duara lenye kipenyo cha 9 linatoa 64, na jibu letu la leo ni 63.6.

Tangu 2020, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Hisabati kila Machi 14, kwa tangazo la UNESCO. Walimu wa Goma, Kigoma na Mombasa, siku hiyo ikifika, ingieni darasani na chapati sita na kisu, muwaite mbele wanafunzi kumi. Kisha waambieni kwamba mfupa wa Ishango, uliotoka jirani kabisa na kwetu, sasa umehifadhiwa Brussels.