Mdhamini si jina la kujazia fomu

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii imewasadifu vijana wengi waliosoma katika vyuo vikuu vyetu kwa mkopo, kisha wakahitimu na kukosa kazi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huwadai. Nao wasipoonekana, hukumbukwa wale wazee wawili waliotia sahihi katika fomu zao kama wadhamini. Rai yangu ni kwamba dhamana ya namna hii haimfai mdai wala mdaiwa, na kwamba mashirika yasiyotafuta faida yangeweza kuibeba vyema zaidi.

Nianzie katika taaluma yangu ya isimu. Neno mdhamini limetwishwa mzigo mkubwa. Anayefadhili ligi ya kandanda ni mdhamini. Anayeshika mali ya msikiti au kanisa kwa niaba ya waumini ni mdhamini. Na anayeahidi kulipa deni la mwenzake akishindwa ni mdhamini vilevile. Huko Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, mkulima mmoja aliyeombwa kumdhamini mtoto wa jirani aliniuliza: "Mwalimu, hapa nathibitisha tu kwamba namjua kijana huyu, sivyo?" Nilimfafanulia ile maana ya tatu. Alinyamaza kitambo, kisha akatia sahihi, kwa kuwa kukataa kungemfungia kijana mlango wa chuo. Huo ni utu, lakini si dhamana. Mapato yanayotegemea mvua hayawezi kulinda deni la miaka minne.

Tuitazame sheria. Mpango wa serikali wa kuwakopesha wanafunzi ulianza 1974, na marejesho yakawa hafifu kwa kuwa wengi waliuona mkopo kama msaada. HELB iliundwa kwa sheria ya 1995 ili kurekebisha hali hiyo. Sheria hiyo iliweka faini isiyopungua shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipiwa. Piga hesabu, ewe mwanafunzi: ni shilingi 60,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa muda mrefu kilikuwa ndicho kilele cha mkopo wa mwaka mzima wa masomo! Isitoshe, waajiri wengi, hasa wa umma, hudai cheti cha HELB. Asiye na kazi hana cha kulipa. Asiyelipa naye hukwama katika kutafuta kazi.

Marekani walijaribu njia nyingine. Chini ya Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, benki ziliwakopesha wanafunzi, nayo mashirika ya dhamana, mengi yakiwa yasiyo ya faida, yakaziahidi benki kwamba fedha zao hazitapotea. Mkopaji alipochelewa kulipa, benki ililiarifu shirika, nalo likamtafuta na kumweleza jinsi ya kuahirisha au kupunguza malipo kabla deni halijaharibika. Mikopo mipya ya mpango huo ilikoma 2010. Dosari hazikukosekana: mashirika hayo yalipata ada pia kwa kukusanya madeni yaliyokwisha kuharibika, hivyo kushindwa kwa mkopaji kukawa na faida kwao.

Tuchukue jema na kuacha baya. Wakenya tayari tuna vyama vya akiba na mikopo ambamo wanachama hudhaminiana kwa akiba zao. Tuna pia vyama vya wanafunzi wa zamani, makanisa na misikiti. Asasi kama hizo, zikikubaliwa na Bodi, zingeweza kuweka akiba ya dhamana, kumfahamu mkopaji tangu mwaka wa kwanza, kumsaidia kuiandikia Bodi mapema anapokosa kazi, na kumlipia miezi michache ya shida ili faini isirundikane. Ada yao itokane na deni linalolipwa, kamwe isitokane na lililoshindikana.

Yuko atakayesema kwamba vijana watazembea wakijua kuna wa kuwalipia. Sivyo, mradi deni libaki kuwa la mkopaji, na kilicholipwa kwa niaba yake akirejeshe kwa watu anaowajua. Mtu huona haya kuwakwepa majirani kuliko kuikwepa ofisi ya Nairobi.

Hadi siku hiyo, walimu wenzangu, tuwasomee wazazi fomu hizo neno kwa neno kabla hawajatia sahihi. Nawe mhitimu usiye na kazi, usijifiche. Iandikie Bodi kabla ya mwezi wa kwanza wa malipo kupita.