Gofu: Ushindi uko kwenye fimbo ndefu au fimbo fupi?

WACHEZAJI wa gofu wana usemi wa zamani: mkwaju mrefu ni wa kuwafurahisha watazamaji, fedha ziko kwenye msukumo wa mwisho. Kwa miaka mingi hakuna aliyeupinga. Mshindi huonekana akisukuma mpira shimoni, na aliyeshindwa huonekana akiukosa kwa upana wa kidole. Hesabu za karibuni, hata hivyo, zinasimulia habari nyingine.

Aliyezifanya ni Mark Broadie, profesa wa biashara katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alipitia kumbukumbu za mikwaju ya ligi ya kulipwa ya Marekani, PGA Tour, na kuufungulia kila mkwaju daftari lake la faida na hasara.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mpira ukiwa mita 2.4 kutoka shimoni, mchezaji wa kulipwa hufaulu kwa msukumo mmoja karibu mara 1 katika kila 2. Kwa wastani, basi, huhitaji misukumo 1.5. Akiingiza kwa mmoja amepata faida ya nusu mkwaju. Akitumia miwili amekula hasara ya nusu. Ligi hiyo ilianza kutumia kipimo hiki kwa misukumo mwaka 2011.

Broadie alipojumlisha madaftari yote, aligundua kuwa misukumo huchangia takriban asilimia 15 tu ya tofauti kati ya wachezaji bora na wale wa kawaida. Mikwaju ya kuukaribia uwanja wa shimo, ile nyasi fupi iitwayo grini, huchangia asilimia 40 hivi. Mfanyabiashara wa mpakani hatashangaa. Anajua kuwa faida huanzia kwenye kununua, ingawa fedha huonekana siku ya kuuza.

Ushahidi ulio hai ni Mmarekani Scottie Scheffler. Mtindo wake haufanani na picha za vitabuni: anapozungusha fimbo, miguu yake huteleza kana kwamba amekanyaga utelezi. Lakini uso wa fimbo yake hufika kwenye mpira ukiwa umeelekea anakotaka, na hilo ndilo jambo kubwa. Kosa la nyuzi 1 katika mkwaju wa mita 200 huupeleka mpira pembeni kwa mita 3.5.

Mwaka 2023 Scheffler aliongoza ligi nzima kwa mikwaju ya kabla ya kufika kwenye misukumo. Kwa misukumo yenyewe alikuwa wa 162. Hata hivyo alishinda mashindano mawili makubwa ya ligi na kushika namba moja duniani.

Je, msukumo hauna thamani? La. Shimo lina upana wa sentimita 10.8 tu. Kutoka mita 2.4, kosa la nyuzi 2 linatosha kuupitisha mpira kando. Mwishoni mwa 2023 Scheffler alimchukua Phil Kenyon, kocha wa misukumo kutoka Uingereza. Machi 2024 alibadili fimbo, akachukua yenye kichwa kipana kinachosaidia kulenga. Wiki hiyo hiyo alishinda Bay Hill, Florida, kwa tofauti ya mikwaju mitano. Wiki iliyofuata akatetea taji lake la Players. Aprili akatwaa Masters, na Agosti dhahabu ya Olimpiki jijini Paris.

Hakuwa amegeuka kuwa msukumaji bora kuliko wote. Aliziba tundu lililokuwa likivuja, na mtaji aliokwisha kuujenga kwa fimbo ndefu ukaanza kuonekana.

Somo hili linahusu ukanda huu pia. Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967 na kuwahi kushindwa na Seve Ballesteros, sasa iko kwenye kalenda ya ligi ya Ulaya. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, mpira huruka mbali kuliko pwani, na anayetoka Mombasa au Dar es Salaam lazima apime upya kila fimbo yake.

Katika ligi hiyo, baada ya siku mbili hubaki wachezaji 65 wa kwanza na waliofungana nao. Wengine hufungasha virago bila malipo, ilhali nauli na hoteli wamekwisha kulipa. Anayekosa kwa mkwaju mmoja huulaumu msukumo wa mwisho. Daftari lake, akilifungua, huenda likamwonyesha kuwa hasara aliipata mapema, mita 150 kutoka shimoni.