Mintarafu ya Majira na Ada za Bugeshi

Wageni wapandao Bugeshi kutoka mji wa Gisenyi, ambao uko ukingoni mwa ziwa Kivu, kwa kimo cha mita 1460 hivi juu ya bahari, aghalabu hufika wamevaa nguo nyepesi za ufukweni, wakakuta ukungu umefunika mashamba hata jua limekwisha kupanda, na wanawake wamejitanda mablanketi wakipalilia mbatata. Na kabla hawajauliza neno hukata shauri juu ya mambo mawili, kwamba ardhi hii nyeusi ni neema isiyotaka bidii ya mtu, na kwamba watu wake ni wakaidi, kwa kuwa huambiwa tarehe ya kupanda nao wakangoja. Maneno haya nimeyasikia kwa lugha zaidi ya moja, tena vinywani mwa watu wenye elimu kubwa, na kila niyasikiapo moyo hunisukuma kueleza jinsi watu wa Bugoyi, ambalo ndilo jina la kale la nchi hii yetu, walivyokaa na mvua yao. Kwa sababu hao waitwao wakaidi walikuwa na ilimu ya majira iliyofungamana na adabu ya ujirani, wala hukuweza kuishika moja ukaiacha ya pili.

Bugeshi imelala miteremkoni mwa Karisimbi, mlima wenye kimo cha mita 4507, mpakani mwa Kongo. Mwaka wa Rwanda una majira manne: umuhindo, mvua za Septemba mpaka Desemba, ambazo mtu wa pwani angeziita vuli, urugaryi, ukavu mfupi wa Januari na Februari, itumba, mvua kubwa za Machi mpaka Mei, ndizo masika, na icyi, kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Lakini hayo ni mapatano ya nchi nzima, na mlima haukutia sahihi. Kwetu kiangazi nacho kina manyunyu yake, na katikati ya itumba mvua ya mawe yaweza kushuka alasiri moja ikapasua majani ya mahindi yote ya bonde moja, ilhali bonde la pili halikupata hata tone. Tena ardhi yetu ni majabali yaliyomwagwa na volkano, yenye matundu matundu, hunywa maji pale pale yaangukapo. Mito ni haba na chemchemi ni haba, hata nyumba iliyonyeshewa usiku kucha yaweza kuamka asubuhi haina maji ya kupikia isipokuwa yale yaliyokingwa kwenye paa. Mgeni huona majani mabichi kila upande akadhani maji ni tele.

Basi mzee wa zamani alipongoja hakuwa amelala. Mvua ya kwanza ya Septemba ni mvua ya udanganyifu: huloweka udongo wa juu, ikaotesha mbegu, kisha hukatika juma zima au zaidi, na chipukizi zikafa. Alichimbua kwa jembe akatazama unyevu umefika wapi, akauliza walio juu ya mlima na walio chini, akangoja mvua ya pili. Na ilipokuja hakupanda peke yake. Hapo ndipo mahali pa ubudehe, na sitaupita upesi, kwa maana katika mambo yote tuliyoyapoteza hili ndilo linaloniuma zaidi.

Ubudehe ulikuwa mwito. Nyumba moja hutangulia, watu wa mlima wote huja na majembe yao alfajiri, wakasimama safu moja kutoka mpaka hata mpaka, mwimbishaji akaanza, na majembe yakashuka kwa sauti yake. Kesho yake huhamia kwa jirani, na kesho kutwa kwa mwingine, mpaka mashamba yote yawe yamelimwa katika ule wasaa mfupi ambao udongo umelainika na mbegu haijachelewa. Hapakuwa na ujira. Mwenye shamba alitoa pombe na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Mjane alilimiwa, mgonjwa alilimiwa, na aliyefiwa nyumbani mwake, ambaye ada ilimkataza kushika jembe siku za msiba, alilimiwa vile vile asije akapitwa na majira kwa sababu ya kumheshimu maiti wake. Na asiyekuwa na mbegu alizipata. Bibi zetu walihifadhi mbegu juu ya uchaga wa jikoni, moshi ukizifukiza mchana na usiku wadudu wasizisogelee, na jirani alipoomba hakutajiwa bei, alirudisha wakati wa mavuno. Leo kibarua hulipwa kwa siku, na mwenye fedha hulimiwa mvua ikingali changa, na mjane hulimiwa wakati wenye fedha wamekwisha kutosheka. Na neno ubudehe limebaki katika mipango ya serikali, ambako kwa miaka mingi lilitumika kupangia kaya madaraja ya umaskini na uwezo. Siwalaumu walioifanya kazi hiyo, lakini mtoto wa leo ukimtajia ubudehe hukuuliza ni daraja la ngapi.

Yako na mengine, kama heshima ya radi, iliyoitwa mfalme wa juu, na habari za Ryangombe, shujaa aliyeabudiwa zamani, na wafuasi wake, ambao roho zao zilisemwa hukaa Karisimbi kwenye baridi na raha, ilhali wasiofuata hutupwa katika moto wa volkano ya Nyiragongo. Hayo waandishi wa kigeni wamekwisha kuyajazia vitabu, nami nawaachia.

Nitakayo kuyasema ni ya umuganura, ada ya malimbuko. Mtama wa milimani hupandwa mwishoni mwa mwaka, hukaa shambani miezi mingi, ukavunwa kiangazi kikiwa katikati. Na ulipovunwa hapana mtu wa nyumba aliyethubutu kuuonja mpaka ukoo umekutana. Waliooa mbali walirudi, na mabinti walioolewa walikuja na vikapu vyao. Unga mpya ulisongwa, pombe mpya ikatekwa, baba mwenye nyumba akaonja kwanza pamoja na mkewe, kisha akawapa watoto kwa mkono wake, na wasiokuwa na mavuno mwaka huo wakala kutoka sahani ile ile. Katika baraza la mfalme ada hii ilishikwa na wenye siri za ufalme, waitwao abiru. Na mwaka 1925 Wabelgiji wakampeleka Gashamura, mkuu wao, uhamishoni Burundi, na umuganura wa mfalme ukakoma. Waliona ushirikina. Mimi naona siku moja katika mwaka ambayo kila nyumba ililazimika kujua ni nani aliyevuna na ni nani asiyevuna, na hiyo ni hesabu ambayo afisa yeyote angependa kuwa nayo.

Sasa umuganura ni sikukuu ya taifa tangu 2011, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, na nashukuru kwa hilo. Lakini katika mashamba ya Bugeshi mtama umekuwa adimu. Mbatata, iliyoletwa nchini enzi za Wajerumani na mapadri, imeshika udongo huu wa volkano kwa nguvu, nayo hutulisha na kutuvisha: aina zake za Kinigi na Kirundo husafiri mpaka Kigali na Goma. Pareto nayo ilipewa ardhi iliyomegwa kutoka hifadhi ya milima mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha ukaja, tangu 2007, mpango wa kuzidisha mazao, uliochagua mazao machache kwa kila wilaya na kutaka shamba zima liote kitu kimoja. Njegere, ulezi na mtama, vilivyokuwa vikichanganywa katika konde moja, vilihesabiwa kuwa fujo.

Fujo ile ilikuwa na akili. Ukungu wetu, ule unaowashangaza wageni, ndio mama wa ugonjwa wa mbatata ambao wakulima huuita imvura, ndio ule ule ulioangamiza viazi vya Ayalandi kuanzia 1845. Siku chache za manyunyu yasiyokatika huuwezesha kulilaza shamba likageuka jeusi. Bugoyi inaijua njaa: iliijua Rumanura, wakati Wajerumani na Wabelgiji walipopigana juu ya mashamba yetu katika vita vya kwanza vya dunia, na Rwanda nzima iliijua Ruzagayura ya 1943 na 1944, ambapo ukame, ugonjwa wa mbatata na kazi za lazima za vita viliungana. Wazee waliochanganya mbegu walikuwa wakimwekea akiba mtoto ambaye hajazaliwa, kwa kuwa walijua kwamba mvua inayoua mbatata huunawirisha ulezi, na mawe yavunjayo mahindi hayaziharibu njegere ambazo hazijachanua.

Na mvua zenyewe zimezidi kuwa ngumu kusomeka. Umuhindo huchelewa, itumba huja kwa ghadhabu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika huko chini, na katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walikufa. Katika hali hii kumwambia mkulima apande tarehe moja, zao moja, kisha kumwita mkaidi akisitasita, ni dhuluma. Mabwana shamba wanaokuja Bugeshi wana mbegu bora na dawa, nasi tunazihitaji; ninachowaomba ni kwamba katika kila konde lililopimwa kwa mbatata waruhusu pembe moja ya mtama na ulezi, bila faini wala karipio, na kwamba kabla ya kutangaza siku ya kupanda wakae kitako na wanawake wazee wa mlimani wawaulize unyevu umefika wapi. Hao wamebaki wachache, na wengi wao hawana tena uchaga jikoni, kwa kuwa nyumba za mabati zilizopangwa kwa mistari kijijini hazikujengwa na uchaga.