Mkate wa Moto, Faida Kiduchu

Mfuko wa unga wa ngano wa kilo 50, ukiongezwa lita 30 hivi za maji, hamira, chumvi, sukari na mafuta kidogo, hutoa donge la kilo 80 na ushei. Tanurini, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito huo huondoka na mvuke. Kinachobaki, kama hakuna kilichoungua wala kudondoka, ni mikate ya gramu 400 ipatayo 180.

Hesabu hiyo kila mwenye bekari anaijua kwa kichwa, awe Mwanakwerekwe ya Unguja au Tandika ya Dar es Salaam, kwa sababu ndiyo inayomnyima usingizi. Bei ya mfuko ikipanda kwa shilingi 9,000 za Tanzania, gharama ya kila mkate imepanda kwa shilingi 50. Lakini dukani bei ya mkate haipandi kwa hamsini. Inaruka kwa mia, au mia mbili. Hapo mwokaji hubaki na njia tatu: ameze hasara, apandishe bei kabla ya jirani na kumwachia wateja, au apunguze uzito. Walaji wa mkate hawahitaji kuambiwa ni njia gani hufuatwa zaidi.

Kwa hesabu kama hizo mtu angetarajia bekari ndogo ziwe zimekwisha kufutika, viwanda vikubwa vikabaki na soko lote. Hazijafutika. Kila mtaa uliojaa watu, kuanzia Ng'ambo ya Unguja hadi mitaa ya Dar es Salaam na Mombasa, una tanuri lake la kuni, gesi au umeme linalofanya kazi usiku. Ukitazama namna biashara hii inavyoendeshwa, sababu inaonekana: kinachouzwa hapa ni unga pamoja na saa, na katika saa mkubwa hana ubavu wa kumshinda mdogo.

Ngano inayoletwa na meli

Mkate ni mkongwe kuliko kilimo. Mwaka 2018 watafiti walitangaza mabaki ya mkate bapa yaliyopatikana kaskazini-mashariki mwa Jordan, yenye umri wa zaidi ya miaka 14,000, wakati ambapo watu walikuwa bado wanaokota nafaka za porini. Pwani yetu nayo ina mikate yake ya zamani, na mingi haina haja ya ngano: mofa wa mtama unaookwa katika tanuri la udongo, na mkate wa kumimina wa mchele, tui la nazi na iliki, unaopikwa kwa kupaliwa makaa juu na chini.

Ngano haipatani na joto la pwani. Ni zao la nyanda zenye baridi: Kilimanjaro Magharibi, Karatu, Hanang na Makete kwa Tanzania, Njoro, Narok na Timau kwa Kenya. Mlowezi Lord Delamere alipoijaribu Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, mimea yake ilishambuliwa na ugonjwa wa kutu. Hata hivyo mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited, ambayo kizazi chake, Unga Group, kimo hadi leo katika Soko la Hisa la Nairobi. Kutu nayo haijaondoka. Aina yake kali iitwayo Ug99, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilitambuliwa Uganda mwaka 1999, iliufanya utafiti wa kutu unaofanyika Njoro kuwa wa kutegemewa na dunia nzima.

Tanzania ilijaribu kujitosheleza kwa njia ya mashamba makubwa. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa, NAFCO, lilifungua mashamba saba ya ngano katika nyanda za Hanang. Trekta na mitambo ya kuvunia ilikuja, ngano ikavunwa, lakini wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao na mgogoro ukafika mahakamani katika miaka ya 1980. Msaada ulipokoma, mashamba hayo hayakuweza kujiendesha kama ilivyotarajiwa.

Matokeo yake ni kwamba Tanzania, ambayo mahitaji yake ya ngano hutajwa kuwa karibu tani milioni 1 kwa mwaka, huvuna chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Kenya huvuna zaidi, lakini nayo sehemu kubwa ya ngano yake hushuka bandarini Mombasa. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ghafi ni asilimia 35, na karibu kila mwaka serikali huomba nafuu ili wasagaji waliosajiliwa walipe asilimia 10. Tofauti ya asilimia 25 inategemea tangazo la gazeti la Jumuiya, na tangazo hilo lina uzito zaidi katika bei ya mkate kuliko juhudi za mwokaji yeyote.

Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi mbili ambazo kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayovuka mipaka duniani, bei iliruka ndani ya wiki chache. Bekari ya mtaani haina ghala la miezi sita wala mkataba wa bei ya baadaye. Hununua mifuko kumi leo, ikiuza mikate inunue mingine kesho. Bei ya dunia inapopanda, mwenye bekari hiyo ndiye wa kwanza kuguswa. Inaposhuka, huwa wa mwisho kupata nafuu.

Somo la tanuri la Kanada

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, vinu vikubwa vya kusaga vilitaifishwa, vikiwamo vya familia ya wafanyabiashara ya Chande, na Shirika la Taifa la Usagaji likazaliwa. J. K. Chande mwenyewe, ambaye mali ya familia yake ilikuwa imechukuliwa, aliombwa kuliongoza. Katika miaka ya 1970 shirika hilo likajenga Dar es Salaam kiwanda cha mikate kinachojiendesha kwa mitambo, hapo tena kwa msaada wa Kanada. Mchumi Andrew Coulson alikichambua katika kitabu alichohariri mwaka 1979. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mitambo ya bei ghali kutoka nje iliajiri watu wachache kufanya kazi ambayo bekari ndogo nyingi zingeifanya kwa mtaji mdogo zaidi na kwa kuajiri watu wengi zaidi.

Hoja hiyo inaweza kusogezwa mbele kidogo. Kiwanda kimoja kinachookea jiji zima hupunguza gharama ya kuoka na kuongeza gharama ya kufikisha. Mkate ni mwepesi lakini unachukua nafasi. Gari likijaa mikate limejaa zaidi hewa. Barabara mbovu, foleni na tairi huila ile faida iliyopatikana kwenye mtambo.

Wafanyabiashara binafsi waliofuata walilijua hilo. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Kundi lake likaja kuwa miongoni mwa wasagaji wakubwa wa ngano Afrika Mashariki, likiuza unga wa Azam katika nchi kadhaa. Uzito wa biashara yake uko katika kinu na mtandao wa usambazaji. Mwenye kinu hupata faida kwa kila mfuko, uwe umekwenda kwenye bekari, kwa mama ntilie wa chapati au kwa mkaanga maandazi. Chapati na andazi ni washindani wa mkate mezani, lakini kwa msagaji wote watatu ni wateja.

Usiku mmoja kazini

Kazi ya bekari ndogo huanza watu wanapomaliza chakula cha usiku. Unga unakandwa, kwa mashine palipo na mtaji na kwa mikono pasipo nao, kisha donge huachwa liumuke. Katika joto la Dar es Salaam hamira hukimbia kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema, kwa hiyo fundi hupunguza hamira au hutumia maji baridi. Madonge hukatwa na kupimwa yakiwa mabichi, gramu 450 hivi ili mkate utoke na 400 zake. Hapa ndipo mizani ya Wakala wa Vipimo inapomhusu, na hapa ndipo fundi mwenye tamaa huanzia kuiba.

Tanuri la matofali huwashwa kuni saa kadhaa kabla, majivu yakaondolewa, mikate ikaiva kwa joto lililohifadhiwa ukutani. Joto likianza kushuka, huingizwa skonsi na keki, na mwisho vipande vya mkate wa jana vinavyokaushwa kuwa tosti. Anayetumia umeme hana moshi wala majivu, lakini umeme ukikatika donge halisubiri. Linaumuka kupita kiasi na kuchacha. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwafundisha wengi umuhimu wa jenereta, na dizeli ya jenereta nayo ina bei yake.

Juu ya hayo kuna leseni, upimaji wa afya za wafanyakazi na usajili. Kwa Tanzania Bara, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umehamia Shirika la Viwango, TBS. Kwa kiwanda kikubwa, ada na safari za ofisini hugawanywa kwa maelfu ya mikate ya kila siku. Bekari ya mikate 500 hubeba mzigo uleule kwa mabega membamba.

Mali kauli

Alfajiri mikate inapakiwa. Unguja baiskeli yenye kapu kubwa nyuma bado ina kazi. Bara ni pikipiki yenye sanduku, bajaji au guta. Msambazaji huchukua mikate kwa bei ya jumla, mara nyingi kwa mali kauli: chukua sasa, lipa ukishauza. Mangi, yaani mwenye duka, naye humtaka msambazaji huyo masharti yaleyale. Kwa hiyo fedha ya mkate ulioliwa Jumatatu huenda isifike bekari hadi Jumatano, huku muuza unga akitaka fedha taslimu.

Mkate usiouzwa ndio kidonda kikubwa. Kampuni nyingi kubwa hukubali kuurudisha, na hilo ndilo linalomfanya mwenye duka azipende. Mdogo akikubali, mikate 20 inayorudi kati ya 200 inaweza kuwa faida yote ya siku. Akikataa, duka linaagiza michache na wateja wa jioni wanakosa. Fundi mzuri wa biashara hii humjua kila mangi wake, na anajua Ijumaa, mwisho wa mwezi na siku ya mvua huenda mikate mingapi.

Anachokikosa kiwanda

Mkate wa slesi hauwezi kuuzwa ukiwa wa moto. Ukikatwa kabla ya kupoa hubomoka, ukifungwa na joto lake mvuke hujikusanya ndani ya mfuko na ukungu unafuata. Lazima upoe kwa saa moja unusu au mbili, ukatwe, ufungwe, upakiwe, usafiri. Ili udumu siku kadhaa rafuni huongezewa dawa ya kuzuia ukungu. Wanga ndani ya mkate huanza kukakamaa tangu unapopoa, na jokofu huharakisha ukakamaaji huo badala ya kuuzuia.

Bekari ya mtaa haiuzi rafu, inauza ile saa ya kwanza. Boflo lililotoka tanurini, ganda lake likilia linapomegwa, likachovywa kwenye maharage ya nazi, ni kitu ambacho hakuna mfuko wa plastiki utakaokifikisha. Vivyo hivyo mkate wa ufuta wa Unguja, ulaji wake ni wa papo kwa papo pamoja na mchuzi. Mwezi wa Ramadhani unaonyesha jambo hili waziwazi: uhitaji unahama kutoka asubuhi hadi alasiri, na mwokaji wa mtaa hubadilisha ratiba yake kwa siku moja. Kiwanda chenye zamu za wafanyakazi na magari hakigeuki haraka hivyo.

Maduka makubwa yameiona nafasi hiyo. Nairobi, Naivas na Carrefour huoka ndani ya duka, na harufu ya mkate inafanya kazi ambayo tangazo haliwezi. Tishio kwa bekari ndogo ya mjini sasa linaweza kutoka huko zaidi kuliko kwa mikate ya viwandani ya Thika.

Wanasiasa nao hawapaswi kuusahau mkate. Misri, Januari 1977, Rais Sadat alirudisha ruzuku ya chakula aliyokuwa ameiondoa ndani ya siku mbili baada ya miji kuwaka moto. Kenya, Muswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate. Pendekezo hilo liliondolewa tarehe 18 Juni, na siku nane baadaye Rais Ruto akakataa kusaini muswada wenyewe. Kodi ya mkate huonekana mezani kila asubuhi, ndiyo maana haisameheki.

Kwa anayefikiria kuingia katika biashara hii, swali la kwanza lisiwe bei ya tanuri. Ahesabu maduka, migahawa na shule zinazofikika kwa pikipiki ndani ya nusu saa, ajue kila moja hula mikate mingapi na hulipa siku gani, kisha atenge akiba ya unga wa wiki mbili kabla ya kununua mashine ya pili. Serikali nazo, badala ya kuomba nafuu ya ushuru mwaka hadi mwaka, zikitangaza kiwango cha miaka mitatu, msagaji atapanga, na mwokaji atajua mfuko wake utakuwa bei gani mwezi ujao. Hakuna ruzuku inayohitajika hapo. Inahitajika bei inayotabirika, na waokaji wa mitaani wamekwisha kuthibitisha kwamba mengine yote wanayaweza wenyewe.