Castor juu ya utosi wa Dallas

Taa za Dallas na Houston zimeunyang'anya usiku mengi. Kilimia, ambacho wakulima wetu walikitazama kujua msimu, hapa huonekana kwa taabu. Lakini zipo nyota ambazo taa haziziwezi, na ninayoipenda kuliko zote ni Castor, katika kundi la Mapacha.

Mwanzoni mwa Machi, kwenye saa tatu na nusu usiku, Castor hupita karibu kabisa na utosi wa Dallas. Houston huikosa kwa digrii 2 hivi. Nyota ikiwa utosini, mwanga wake hupenya hewa kidogo. Inayoumia ni shingo ya mtazamaji.

Chukua darubini ya lenzi ya milimita 60, ikuze mara 100. Nukta ile hugawanyika: nyota mbili nyeupe, moja hafifu kidogo, zimeachana kwa sekunde 5 na ushee. Digrii moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo nafasi hiyo ni nyembamba mno. Mwaka 1803 William Herschel alionyesha kwamba nyota hizi hazikupangana machoni petu kwa bahati tu, bali zinazungukana. Mzunguko mmoja huchukua takriban miaka 460. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 zilikuwa zimebanana kwa sekunde kama 2 tu, na darubini hii ingehangaika kuzitenganisha. Waliotazama miaka hiyo walikosa bahati tuliyo nayo sasa.

Jambo ambalo wageni hawaliamini ni hili: anga safi si lazima iwe anga nzuri. Upepo baridi wa kaskazini ukishapita Dallas, nyota humetameta ajabu, lakini ndani ya lenzi zinachemka kama uji. Houston, hewa nzito ya Ghuba ya Mexico inapotulia, mbingu huwa na utando, umande unalowesha lenzi, na Castor inasimama mbili, zimetulia.

Pembeni ipo ya tatu, nyekundu na hafifu sana. Kila moja kati ya hizo tatu ni nyota mbili, jumla sita. Hilo lilijulikana kwa kuchambua mwanga wao, hakuna darubini ya nyumbani itakayokuonyesha. Zile nyekundu huzungukana kwa muda usiofika saa 20, zikizibana mwanga kwa zamu.

Kuitafuta ya tatu, ondoka mjini. Kusini magharibi mwa Houston, ndani ya hifadhi ya Brazos Bend, kuna George Observatory, iliyofunguliwa mwaka 1989, yenye darubini ya kioo cha sentimita 91. Hifadhi hiyo ina mamba, basi gizani usiache njia.